Kisanduku cha Tisa

Jumapili, 9 Juni

Hili sijamwambia mtu yeyote, na sidhani kama nitamwambia: nina miaka kumi na mitano na ninamwonea wivu mtoto wa miaka saba. Tena si wivu wa kupita. Naamka nao, nakunywa nao chai, narudi nao kitandani.

Mtoto mwenyewe ni mdogo wangu wa kike. Baba alimbandika jina la Chiriku tangu alipoanza kusema, maana hajanyamaza tangu siku hiyo. Mwezi ujao anaanza kambi ya likizo, ile ya mchana: unampeleka saa mbili asubuhi, unamchukua saa tisa alasiri, wiki nne. Basi nyumba nzima imegeuka ofisi ya maandalizi. Mama anashona mapazia kwenye duka la watu kutwa nzima, na akirudi anakaa tena kwenye cherehani yake kumshonea Chiriku mfuko wa nguo ya kuogelea. Kitambaa cha bluu chenye samaki, kilichobaki kutoka pazia la mteja. Ameutia na kamba ya kuvuta.

Mimi sikuwahi kushonewa mfuko. Nikiisoma sentensi hiyo naona aibu, lakini sifuti.

Jumanne, 11 Juni

Joto. Orodha ya vitu vya kambi imebandikwa kwenye mlango wa jokofu, juu ya ratiba yangu ya mitihani. Nafasi ilikuwepo pembeni.

Alhamisi, 13 Juni

Leo nitaandika kirefu kwa sababu leo nimefanya kitu.

Fomu ya kambi imekuja, kurasa nne, yote kwa lugha ya shule. Nyumbani tunasema lugha yetu. Shuleni nafundishwa kwa zote mbili, na ndiyo maana kila karatasi yenye lugha ile huishia mikononi mwangu: za umeme, za hospitali, barua za mwenye nyumba. Baba, ambaye ni fundi wa majokofu na mikono yake haijui kalamu, ananiita Karani. "Mpelekeeni Karani," atasema, na mimi ambaye darasani sinyooshi mkono hata nikijua jibu, nikisikia hivyo najiona mtu. Mama anasoma lugha yetu haraka kuliko yeyote ninayemjua. Ile nyingine anaifuata kwa kidole, neno moja moja, halafu anasema macho yamechoka. Mimi hujaza, yeye huweka saini pale ninapomwonyesha. Hajawahi kuniuliza nimeandika nini.

Nilikuwa mezani najaza. Jirani yetu, Mama Pacha, alikuwa amekuja kuazima mkasi na akakaa, kama kawaida yake. Chiriku akatoka chumbani amevaa nguo ya kuogelea, miwani ya maji machoni, anatembea kwa maringo kati ya viti. Mama akamshika mabega, akamgeuza huku na huku, akawa anacheka ule mcheko wake wa ndani ambao hautoki kwa kila mtu. Kisha akamwambia Mama Pacha, huyu si kama dada yake.

Nikajua kinachofuata. Hadithi ya geti ninaijua kwa moyo kama wimbo wa shule. Nilipokuwa na miaka saba na mimi nilipelekwa kambi hiyo hiyo. Nikafika getini, nikaliona bwawa kwa mbali, nikazishika nondo za geti. Mama akavuta, mlinzi akaja kusaidia, wakabandua vidole kimoja kimoja, wakimaliza mkono huu ule mwingine umesharudi. Saa tatu nilikuwa nyumbani. Mama akifika kwenye vidole huonyesha kwa mikono, na wageni hucheka mpaka wanashika mbavu. Mama Pacha ameisikia mara nne, na leo alicheka upya.

Nilikwenda jikoni kunywa maji. Niliporudi, Chiriku alikuwa amekaa mapajani mwa Mama.

Kisanduku cha tisa kwenye fomu kinauliza kama mtoto anaogopa maji au kama kuna sababu ya kumzuia asiingie bwawani. Ndiyo au hapana. Kama ndiyo, eleza.

Nikaweka alama kwenye ndiyo. Kwenye mstari wa chini nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba anaogopa sana maji na asilazimishwe.

Uongo mtupu haukuwa. Zilikuwa habari zangu mimi, nimeziandika kwenye fomu ya mtu mwingine. Nilimwonyesha Mama mahali pa saini. Akaweka, akanipapasa kichwa, akasema bila mimi wangefanyaje.

Ijumaa, 14 Juni

Baba ameondoka na fomu. Nilitaka kumwambia asubiri niikague tena. Badala yake nikamwambia chai yake inapoa.

Jumamosi, 22 Juni

Siku ya majina. Kila kitu cha Chiriku lazima kiwe na jina: taulo, kofia, chupa ya maji, soksi zote mbili kwa sababu, anasema Mama, soksi ndizo huachana kwanza. Mama ameandika kwa uzi mwekundu. Soksi zangu hazina jina, huenda hata hazijulikani ni za nani.

Jioni Baba aliendesha mazoezi. Alivaa kofia yake ya kazini, akajifanya kiongozi wa kambi, akatumia faneli ya mafuta ya taa kama kipaza sauti. Chiriku afungue kopo la chakula mwenyewe. Ajipake krimu ya jua mpaka nyuma ya masikio. Afunge kamba za viatu huku Baba akihesabu. Alifika hesabu ya arobaini na moja na Baba akatangaza kwamba ni rekodi ya ukoo. Mama alicheka mpaka sindano ikamchoma.

Mimi nilipewa kazi ya kushika taulo.

Jumatano, 26 Juni

Chiriku anajifunza kuelea juu ya kitanda changu. Changu, kwa sababu chake kina kelele.

Jumapili, 30 Juni

Joto haliendi popote. Ameniuliza kama kesho nitamsindikiza. Nikamwambia nina kazi za shule. Akanikumbusha kwamba ni likizo. Halafu Mama akasema duka linafunguliwa mapema, hivyo nitamsindikiza mimi, kila siku, kwenda na kurudi.

Jumatatu, 1 Julai

Geti ni lile lile. Wamelipaka kijani. Njia nzima nilikuwa nangoja aanze kulia, nimejitayarisha na maneno ya upole, maneno mazuri kabisa, ya dada mkubwa anayeelewa. Tulipobakiza hatua kama kumi akauachia mkono wangu, akakimbia, akaingia. Hakugeuka. Mkono wangu ukabaki hewani kama wa mtu anayeomba lifti.

Kiongozi wa kundi lake ni msichana mrefu mwenye filimbi shingoni, watoto wanamwita Dada Filimbi. Alinisalimia. Nilijibu, ila sidhani kama alisikia.

Jumanne, 2 Julai

Bwawa ni Jumanne na Alhamisi. Kutwa nzima nilitazama saa. Nikasema leo itajulikana, leo atarudi analia, Mama ataitazama fomu, ataniita.

Amerudi na nguo imelowa ndani ya mfuko wa samaki. Mezani amesimulia kila kitu: maji yalikuwa baridi, mwenzake mmoja alimeza maji, yeye ameelea hesabu ya ishirini. Baba akapiga makofi. Mama akamwongezea chakula.

Kumbe fomu hazisomwi. Nilipumua. Nikashukuru kimoyomoyo. Halafu haikupita nusu saa nikawa nimekasirika, kwa nini kila kitu kinamwendea vizuri huyu mtoto, hata uovu niliomfanyia umeyeyuka kama barafu kwenye jua.

Alhamisi, 4 Julai

Ameelea hesabu ya thelathini. Makofi.

Jumapili, 7 Julai

Kuna kitu kimetokea na kimenifurahisha, basi niseme hivyo hivyo. Mama alikaa kwenye kigoda, kitana mkononi, amsuke Chiriku kwa ajili ya wiki. Jumapili zote huwa hivyo. Chiriku akasema anataka nimsuke mimi. Mama akadhani ni utani, akamvuta. Chiriku akajinasua, akaja kukaa kati ya magoti yangu.

"Wewe unavuta sana," akamwambia Mama, na hakumtazama.

Mama alibaki na kitana chake. Kisha akanipa, akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni. Mimi nilimsuka mdogo wangu nywele zote, polepole, na nilikuwa nafurahi. Wiki nzima sasa ananifuata mimi. Usiku mwema anasema kwangu kwanza. Nimechaguliwa, nikajiambia. Angalau mara moja.

Jumanne, 9 Julai

Mimi ndiye ninayefua nguo za kambi. Leo nimetoa nguo ya kuogelea kwenye mfuko ikiwa inachuruzika, nikaiweka kwenye beseni, na mkono ukasimama wenyewe.

Haikunuka kitu. Shuleni kwetu lipo bwawa, naijua harufu ya dawa inayotiwa majini. Usuuze mara tatu, uanike juani siku mbili, bado iko. Inang'ang'ania mpaka kwenye nyusi. Nikainusa kwenye mshono, nikainusa kwenye mfuko. Ilinuka sabuni yangu mwenyewe ya wiki iliyopita na maji ya bomba.

Mezani akasema ameelea hesabu ya hamsini.

Alhamisi, 11 Julai

Niandike kwa utaratibu, mkono unakimbia.

Tulirudi saa tisa na nusu, Mama na Baba wako kazini. Nilimwita bafuni, nikafunga mlango ingawa hapakuwa na mtu wa kutusikia. Nikaweka ile nguo kwenye beseni kati yetu. Nikamwambia hii haijaingia bwawani.

Chiriku akanyamaza. Miaka saba sijawahi kukisikia kimya chake. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaanza kuchezea kamba ya mfuko, akaniapisha kwanza nisimwambie mtu, akasema.

Siku ya kwanza walipopanga mstari, Dada Filimbi alimtoa. Akamwambia imeandikwa kwenye fomu kwamba anaogopa maji. Chiriku akasema haogopi. Dada Filimbi akamwonyesha saini, akasema bila mzazi kubadilisha yeye hana ruhusa, hata angependa. Tangu hapo, siku za bwawa anakaa kwenye benchi chini ya mwavuli na kofia yake, anashika taulo za wenzake. Kabla ya kuondoka anakwenda kwenye bomba la nyuma ya vyoo na kulowesha nguo.

Nikamuuliza kwa nini hakusema nyumbani siku ile ile.

"Watawasimulia wageni," akasema. "Kama wanavyokusimulia wewe. Wewe ukisikia geti unakwenda jikoni kunywa maji. Na huwa hunywi."

Sikujua kama kuna mtu anaona. Nilidhani najua kupotea bila kelele.

Nikauliza, nikijua sipaswi kuuliza, anadhani nani aliandika hivyo kwenye fomu. Akanitazama kama nimeuliza jua ni nini.

"Umeandika wewe, lakini wewe hukosei. Nilimwambia hata Dada Filimbi, dada yangu ni Karani, hakosei. Kwa hiyo Mama ndiye alikwambia. Mama hataki niogelee, halafu ananishonea mfuko ili nisijue."

Ndiyo maana ya kitana. Ndiyo maana ya usiku mwema. Sikuchaguliwa. Alikuwa anamkimbia Mama kwa kosa langu, na mimi nilikaa nimefungua magoti kumpokea.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa umefungwa, maneno yalikuwa matatu tu, yeye alikuwa anasubiri niseme kitu. Nikamwambia anipe taulo.

Ijumaa, 12 Julai

Hakuna la kuandika. Joto.

Jumapili, 14 Julai

Chiriku amekataa tena kusukwa na Mama. Nilimwambia kichwa kinaniuma, siwezi. Kwa hiyo kesho anakwenda kambini na nywele za wiki iliyopita.

Baadaye Mama alinifuata uani nikianua nguo. Akaanza kukunja upande wake wa shuka, mimi wangu, tukawa tunakutana katikati na kuachana. Akaniuliza kama najua amemkosea nini mdogo wangu. Amejiuliza wiki nzima kwenye cherehani, akasema, mpaka amekata pazia la mtu fupi.

Nikasema sijui.

"Wewe siku ile ya geti ulilia mbele yangu," akasema. "Ulinishikia nondo, nikajua unataka nini, nikakurudisha nyumbani na kazi sikwenda. Tulishinda wote wawili, ukalala mapajani kwangu. Huyu ananichekea tu mezani. Sasa mtoto anayecheka nitamshika wapi?"

Kazi sikwenda. Tulishinda wote wawili. Sehemu hiyo haimo kwenye hadithi anayosimulia wageni. Nilikuwa nimeisahau, au nilikuwa nimeiacha kwa makusudi ili nibaki na vidole tu. Nilitamani kumuuliza mbona haisimulii hiyo. Akanipokonya shuka, akaikunja mwenyewe, akaingia ndani.

Miaka saba namwonea mtu wivu kwa mapaja ambayo na mimi nililalia.

Jumanne, 16 Julai

Nimekwenda getini saa nane na nusu, nusu saa kabla ya wakati, nimekariri la kusema kwa lugha zote mbili. Kutoka pale unaona nyuma ya vyoo. Nilimwona. Alitoa nguo ya kuogelea kwenye mfuko, akaishika chini ya bomba kwa mikono miwili, akaikamua kidogo, akainusa. Akaiongeza maji. Wenzake walikuwa wanapita nywele zimelowa, mmoja akamkabidhi taulo bila kumtazama, kama unavyotundika taulo kwenye msumari.

Dada Filimbi akaja. Yote niliyokariri yakatoweka, nikabaki na kusema mdogo wangu haogopi maji. Nilisema kwa sauti iliyosikika, kwa sababu aliinama na kujibu. Akasema na yeye ameona hivyo, mtoto anatazama maji kama mwenye njaa, lakini karatasi ni karatasi. Mzazi aandike barua fupi na kuweka saini, siku hiyo hiyo anaingia. Ila tufanye haraka, maana Ijumaa ya wiki ijayo ni siku ya wazazi, watoto wote wataogelea mbele ya watu, na asingependa wangu ndiye ashike taulo.

Ijumaa ya wiki ijayo. Mama ameshaomba ruhusa kazini. Baba amesema atavaa shati la harusi.

Njiani kurudi Chiriku alinisimulia juu ya mjusi. Nilisikia nusu.

Jumatano, 17 Julai

Nimeandika barua mbili.

Ya kwanza niliiandika asubuhi, kwa lugha ya shule, mistari mitatu: kulikuwa na makosa kwenye kisanduku cha tisa, mtoto haogopi maji, ruhusa imetolewa. Chini nikaacha nafasi ya saini. Ni barua safi. Jioni ningemwonyesha Mama mahali pa kuweka jina, angeweka, asingeuliza. Hata kumsumbua si lazima, saini yake naijua kuliko anavyoijua yeye. Kesho ni Alhamisi, Chiriku angeingia majini, siku ya wazazi ingekwenda vizuri, Baba na shati lake, na hakuna mtu duniani angejua.

Nilikaa nayo mpaka saa nane. Niliiona nzuri sana. Na kila nilipotaka kuikunja nilimwona Chiriku akitoka majini, anatweta, anafurahi, anampita Mama kwenye kiti chake na kuja kwangu. Kwa sababu kwake bado Mama ndiye aliyemzuia, na mimi ndiye niliyemwokoa. Ningepata kila nilichokuwa nakitaka tangu Juni. Na sikuitaka tena. Hapana, niseme ukweli, niliitaka. Ndiyo maana niliogopa.

Baada ya kumrudisha Chiriku nikachukua karatasi nyingine. Upande mmoja nimeandika kwa lugha ya shule, yale yale ya Dada Filimbi. Upande wa pili nimeandika kwa lugha yetu. Hapo imechukua muda. Nimeandika kwamba alama niliweka mimi, kwamba hakuna aliyenituma, kwamba Chiriku amekaa kwenye benchi siku tano za bwawa akishika taulo na anaamini ni Mama aliyesema asiingie. Nimeandika na kuhusu geti, kwamba nisingependa lisimuliwe tena nikiwa nyumbani, au lisimuliwe lote. Hiyo nimeikata, nikairudisha. Sikuandika samahani mwanzoni kwa sababu ingeonekana ndiyo habari yenyewe. Iko mwishoni.

Sitaitwa Karani tena, hilo nalijua. Mama ataanza kupeleka kidole chini ya kila neno, kwenye kila karatasi nitakayomletea, mpaka macho yamchoke kweli. Nimejaribu kuipima hasara hiyo na siwezi.

Chiriku yuko uani, anamfundisha mtoto mmoja wa Mama Pacha jinsi ya kuelea juu ya mkeka. Anamwambia asikaze shingo.

Saa kumi na moja. Geti la nje limelia. Huyo ni Mama, anavuta mguu wa kushoto akiwa amekanyaga cherehani kutwa. Ameweka mkoba chini. Ameniita mara moja, kawaida tu, anauliza kama kuna maji ya kunywa. Sasa yuko kwenye korido.

Daftari hili naliingiza chini ya godoro, na barua ya kwanza ndani yake. Ya pili iko mezani, na upande wa lugha yetu ndio uko juu.